Maisha ya Marehemu Alibhai Mulla Jeevanjee, Mkandarasi wa Reli ya Uganda

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewagawia waja wake riziki na kazi, akamfanya huyu awe mhitaji wa yule. Miongoni mwa watu ambao kazi zao zimebaki baada ya wao kuondoka duniani ni marehemu Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanya biashara Mwislamu wa jamaa ya Mabohora. Jina lake hutajwa kila siku katika mji wa Nairobi, kwa kuwa bustani moja iliyo katikati ya mji huo huitwa kwa jina lake. Walakini wengi waketio katika vivuli vya miti yake hawajui mwenye jina alikuwa nani, wala alipatana na serikali kwa mambo gani, wala aliteta nayo kwa mambo gani.

Inafaa maisha yake yasimuliwe hata hapa Mbugangari, ijapokuwa yeye hakuishi katika nchi ya Rwanda. Sababu ya kwanza ni kwamba bidhaa nyingi zifikazo katika maduka ya Gisenyi, na nyingine zivukazo mpaka kwenda Goma, huteremshwa katika bandari ya Mombasa na kupita Nairobi na Kampala, yaani huifuata njia iliyofunguliwa na reli ambayo marehemu alishiriki katika kuijenga. Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Serikali za leo hazifanyi kazi zote za umma kwa mikono yao wenyewe. Barabara hujengwa na makampuni, taka huzolewa na makampuni, majengo hulindwa na makampuni. Na vijana wengi wa Kiislamu hupata riziki zao humo, wachache wakiwa wenye mali na wengi wakiwa vibarua. Katika maisha ya mtu huyu yamo mafunzo kwa pande zote tatu: kwa serikali itoayo kazi, kwa mkandarasi aipokeaye, na kwa mnyonge aifanyaye.

KUZALIWA KWAKE NA UJANA WAKE

Marehemu alizaliwa Karachi katika mwaka wa 1856. Mji huo, ambao leo umo katika nchi ya Pakistani, ulikuwa wakati ule sehemu ya Bara Hindi iliyotawaliwa na Waingereza. Mabohora ni Waislamu wa Kishia, na tangu zamani wamejulikana kwa biashara na kwa kusaidiana wao kwa wao. Elimu yake ya skuli ilikuwa ndogo, lakini alikuwa na akili ya hesabu na moyo usioogopa safari. Alipokuwa kijana alitembeza bidhaa, na katika mwaka wa 1886 alifika hata Adelaide katika nchi ya Australia, akauza huko vitu vya mashariki. Baadaye alirudi Karachi, akaweka kampuni yake. Bandari ya Karachi ilikuwa na meli nyingi na watu wengi watafutao kazi, na yeye akajifunza biashara moja ambayo wengi hawakuiweza, nayo ni ya kukusanya watu na vyakula na zana, na kuvifikisha mahali palipotakiwa kwa siku iliyotakiwa. Biashara hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango wa Afrika ya Mashariki.

KAMPUNI ILIYOKUWA SERIKALI

Ili msomaji aelewe jinsi marehemu alivyopata kazi yake ya kwanza katika pwani hii, lazima ajue hali ya utawala wa zamani zile. Katika mwaka wa 1888 Malkia wa Uingereza aliipa hati ya ufalme kampuni moja ya wafanya biashara, iliyoongozwa na William Mackinnon, iitwayo Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki. Kampuni hiyo haikuwa ya kununua na kuuza tu. Ilikodi utawala wa pwani kwa Sultani wa Unguja, ikatoza ushuru, ikaweka polisi na mahakimu, na ikatuma watu wake hata Uganda. Serikali ya Uingereza ilitaka kupata nchi pasipo kutoa fedha, na kampuni ilitaka kupata faida kwa kushika mamlaka. Kwa hiyo kazi ya kutawala watu ikawa kama duka lililokodishwa.

Mwisho wa jambo hilo haukuwa mwema. Gharama za utawala zilizidi mapato ya biashara, na kampuni ikaishiwa na nguvu. Ikaiacha Uganda, ambayo serikali ya Uingereza ikaitwaa katika mwaka wa 1894. Na tarehe 1 Julai 1895 serikali ikatwaa na nchi iliyobaki, toka pwani mpaka bara. Kampuni ilipewa fidia ya pauni 250,000, na katika hizo pauni 200,000 zilitoka katika mali ya Unguja. Basi nchi iliyokodiwa ilikombolewa zaidi kwa fedha ya yule yule aliyeikodisha, na wenye nchi wa bara hawakuulizwa neno.

Jamaa wa Gisenyi, wanaoishi wakitazamana na Congo, wanao mfano mwingine ulio karibu zaidi na ulio mzito zaidi. Katika zamani za Mfalme Leopold wa Ubelgiji, toka mwaka wa 1885 mpaka 1908, makampuni yalipewa misitu ya Congo pamoja na uwezo wa kuwalazimisha wenyeji kuleta mpira. Huko mkandarasi alipewa bakora pamoja na mkataba, na watu wengi waliangamia, hata dunia ikapiga kelele na Dola la Ubelgiji likaitwaa nchi kutoka katika mikono ya mfalme. Mifano hii miwili yatosha kuonyesha kwamba serikali yaweza kumpa mtu mwingine kazi, lakini haiwezi kumpa mtu mwingine dhamana. Dhamana hubaki shingoni mwa mwenye kutawala.

Alibhai Jeevanjee alifika katika mlango wa kampuni ile ya Kiingereza katika mwaka wa 1890. Kampuni ilihitaji mafundi, vibarua na polisi kutoka Bara Hindi, naye akapewa mkataba wa kuwaleta. Akafungua biashara yake Mombasa. Kampuni ilipoanguka yeye hakuanguka nayo, kwa sababu serikali iliyokuja baada yake ilikuwa na haja zile zile, tena kubwa zaidi.

MKATABA WA RELI

Serikali ya Uingereza iliazimia kujenga reli toka Mombasa mpaka Ziwa Viktoria, ili ipate njia ya kwenda Uganda. Kazi hii haikupewa kampuni moja iifanye yote. Kamati iliwekwa London kuisimamia, na mhandisi mkuu, George Whitehouse, alifika Mombasa katika Desemba ya mwaka wa 1895. Serikali ilijifanya yenyewe kuwa msimamizi, kisha ikaigawa kazi vipande vipande, na kila kipande kikatafutiwa mtu wake. Kwa mfano, ilipohitaji madaraja ya chuma 27 ya kuvukia mabonde yaliyo kati ya Bonde la Ufa na ziwa, iliipa kazi hiyo kampuni ya Marekani, kwa kuwa viwanda vya Uingereza havikuweza kuyatoa kwa upesi uliotakiwa.

Kipande alichopata Jeevanjee kilikuwa kile ambacho bila ya hicho vingine vyote visingaliwezekana, nacho ni watu na chakula chao. Maofisa waliona kwamba hawatapata katika pwani mafundi wa kutosha waliokwisha kuzoea kazi za reli. Katika Bara Hindi, reli zilikuwa zimejengwa kwa miaka mingi, na walikuwapo waashi, wahunzi, maseremala, wachonga mawe na watandika reli. Serikali ya Bara Hindi ilitoa idhini kwa masharti. Kila mtu aandikiwe mkataba wa miaka mitatu, apewe mshahara kila mwezi na posho, na mwisho wa mkataba apewe nauli ya kurudi kwao akitaka. Wengi walioandikwa walikuwa watu wa Panjabi, Waislamu na Masingasinga na Mabaniani, nao walipandishwa meli katika bandari ya Karachi.

Kampuni ya Jeevanjee ilipata pia mkataba wa posho. Mchele, unga wa ngano, dengu na samli vililetwa kwa meli kutoka Bara Hindi na kupelekwa mpaka mwisho wa reli, ambao kila wiki ulisogea mbele. Msomaji na afikiri uzito wa kazi hii. Nyuma ya Mombasa lipo jangwa la Taru, ambalo halina maji, hata maji ya kunywa yalipelekwa kwa gari la moshi. Punda na ng'ombe wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Lau meli ingechelewa au gunia lingeoza, maelfu ya watu wangelala na njaa katika pori lisilo na duka wala shamba. Kwa hiyo mkandarasi alikuwa ameshika maisha ya watu kama mtu ashikavyo yai. Pamoja na hayo, alipata sehemu ya kazi ya kupasua majabali na kujaza matuta ya reli, na kazi ya kujenga stesheni na nyumba za watumishi.

Reli ya kwanza ilitandikwa Mombasa katika Mei ya mwaka wa 1896. Katika Mei ya mwaka wa 1899 ilifika mahali pa tope na maji baridi, ambapo leo ni mji wa Nairobi. Na tarehe 20 Desemba 1901 ilifika katika ufuko wa ziwa, mahali ambapo leo ni Kisumu. Urefu wake ulikuwa kadiri ya maili 580, na gharama yake ilizidi pauni milioni 5.

HESABU YA WALIOKUFA

Watu wasifuo kazi kubwa hutaja maili na fedha, na mara nyingi husahau watu. Katika miaka yote ya ujenzi, Wahindi walioletwa kwa mikataba walikuwa 31,983. Katika hao, 2,493 walikufa, na 6,454 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema wasioweza kazi tena. Wengine 6,724 walipenda kubaki katika nchi, na waliosalia wakarudi kwao. Homa ya malaria, vidonda, kuhara na funza viliwatesa kuliko kitu kingine. Simba wawili wa Tsavo, waliosimamisha ujenzi wa daraja katika mwaka wa 1898, wamepata sifa duniani kote. Lakini waliouawa na homa ni wengi mno kuliko walioliwa na simba, nao hawakupata sifa yo yote. Tena hesabu hii ni ya Wahindi peke yao. Waafrika waliofyeka misitu, waliobeba mizigo na waliochimba udongo hawamo ndani yake.

Je, lawama ya mauti hayo ni ya nani? Si haki kumtwika mtu mmoja mzigo wote. Aliyeagiza kazi ni serikali, aliyeweka haraka yake ni serikali, na hospitali zilikuwa chini ya reli. Lakini aliyekwenda vijijini kuandika watu, akawaahidi mshahara na posho na kurudi salama, alikuwa mkandarasi na mawakala wake. Mtu maskini wa Panjabi hakuijua kamati ya London. Alimjua yule aliyemwandika. Hapo ndipo ilipo hatari ya kazi za namna hii. Serikali husema kwamba mambo ya watu yamo katika mkono wa mkandarasi, na mkandarasi husema kwamba yeye atekeleza amri ya serikali, na mwenye kuumia hana mlango wa kubisha. Sheria ya Kiislamu haikubali mchezo huo. Imeamrisha mikataba itimizwe, na imeamrisha mtumishi alipwe ujira wake pasipo kucheleweshwa, ye yote yule aliyemwajiri.

MJENGAJI WA MJI

Reli ilipokwisha kupita, Jeevanjee alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi ile. Mji wa Nairobi ulikuwa mabanda ya mabati na mahema, na serikali haikuwa na fedha wala mafundi wa kuujenga kwa upesi. Yeye alikuwa na vyote viwili. Akajenga majengo ya serikali, nyumba za watumishi na maduka, akamiliki sehemu kubwa ya viwanja vya mji. Katika mwaka wa 1902 ugonjwa wa tauni ulizuka katika mtaa wa maduka ya Wahindi, na mtaa huo ukachomwa moto kwa amri ya wakubwa wa afya. Baada ya hayo Jeevanjee alijenga soko jipya katika mwaka wa 1904, na watu wa mji wakapata mahali pa kununua nyama na mboga.

Katika mwaka wa 1902 alianzisha gazeti Mombasa, lililoitwa African Standard. Aliliuza katika mwaka wa 1905 kwa Wazungu wawili, likabadilishwa jina na kuitwa East African Standard, likawa mdomo wa masetla wa Kizungu kwa miaka mingi. Gazeti hilo lingali likichapishwa Nairobi mpaka leo. Ni ajabu ya dunia kwamba chombo kilichotengenezwa na Mhindi kilitumiwa baadaye kuwapinga Wahindi, naye mwenyewe akiwa wa kwanza wao.

Katika mwaka wa 1906 alitengeneza bustani katikati ya Nairobi, akaitoa sadaka kwa watu wa mji, ili mtu asiye na nyumba nzuri wala shamba apate mahali pa kupumzika. Akaweka ndani yake sanamu ya Malkia Viktoria, ambayo ilifunuliwa na mtoto wa Malkia, Duke wa Connaught, alipofika Nairobi mwaka huo. Huenda kuweka sanamu kukaonekana kuwa ni kujipendekeza kwa wakubwa, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Mtu ambaye chungu chake chapikwa kwa moto wa serikali hutafuta njia nyingi za kuonyesha utii.

KUTETA NA SERIKALI

Lakini utii ule haukumlipa. Masetla wa Kizungu walikuwa wakija kwa wingi, nao walitaka mashamba ya nyanda za juu yawe yao peke yao. Sheria ya ardhi ya mwaka wa 1902 iliwafungulia njia, na katika miaka ya 1906 na 1908 waziri wa makoloni, Lord Elgin, alikubali kwamba Wahindi wasipewe mashamba katika nyanda hizo. Basi watu walioleta reli walikatazwa kununua shamba kando ya reli, na mtu aliyejenga nyumba za watawala akaambiwa kwamba rangi yake haifai kukaa karibu nao. Wahenga walikwisha kusema kwamba shukrani ya punda ni teke.

Hapa ndipo ulipoonekana moyo wa mtu huyu. Mkandarasi mwingine angalinyamaza. Angalisema kwamba mikataba yake inatosha, na kwamba mwenye kugombana na mlishaji wake hulala na njaa. Jeevanjee alijua hatari hiyo kuliko mtu mwingine, kwa kuwa mali yake nyingi ilitoka katika mkono wa serikali, walakini hakunyamaza. Katika mwaka wa 1909 aliteuliwa kuwa mjumbe katika Baraza la Kutunga Sheria, Mhindi wa kwanza kuingia humo. Hakudumu humo muda mrefu, kwa kuwa sauti moja kati ya sauti nyingi za Kizungu haikuweza kubadilisha jambo lo lote. Katika mwaka wa 1910 alikwenda London, akazungumza na waandishi wa magazeti, akaeleza kazi waliyoifanya Wahindi na dhuluma waliyolipwa. Katika mwaka wa 1912 alichapisha kijitabu cha kudai haki zao. Katika mwaka wa 1914 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Kongresi ya Wahindi wa Afrika ya Mashariki mjini Mombasa.

Haifai kuficha kosa lake. Katika madai yake ya mwaka wa 1910 alifika hata kupendekeza kwamba nchi ile iunganishwe na dola la Bara Hindi. Aliona haki ya Mhindi mbele ya Mzungu, asione haki ya Mwafrika, mwenye nchi, mbele ya wote wawili. Wamasai na Wakikuyu na Wanandi, ambao reli ilipita katika ardhi zao, hawakuwa upande wo wote katika mikataba ile. Hawakuulizwa na serikali iliyotoa kazi, wala na mkandarasi aliyeipokea. Ugomvi ulipofika mwisho wake katika mwaka wa 1923, baada ya wajumbe wa pande zote kwenda London, serikali ya Uingereza ilitoa waraka uliosema kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia. Lakini nyanda za juu ziliachwa mikononi mwa Wazungu, Wahindi wakapewa viti 5 tu katika Baraza ambapo Wazungu walichagua wajumbe 11, na Waafrika wenyewe hawakupata hata kiti kimoja cha kukalia Mwafrika. Maneno yalikuwa ya Waafrika, na ardhi ikawa ya wengine.

MWISHO WAKE NA BUSTANI YAKE

Miaka ya mwisho ya marehemu haikuwa ya raha. Utajiri ulipungua, madeni yakazidi, na shida ya biashara iliyoipata dunia yote katika miaka ya 1930 haikumwacha. Mtu aliyekuwa akiuza kwa serikali watu na chakula kwa maelfu, akijenga mtaa kwa mwaka mmoja, alifariki dunia Nairobi tarehe 2 Mei 1936 bila ya sehemu kubwa ya mali ile. Alikuwa na umri wa miaka 80 kwa hesabu ya Kizungu.

Mikataba yake imekwisha na majengo yake mengi yamebomolewa. Kilichobaki ni kile alichokitoa bila ya mkataba. Katika mwaka wa 1991 ulitokea mpango wa kuitwaa ile bustani ijengwe majengo ya kuleta faida, kwa mapatano ya wakubwa wa mji na wenye mali. Watu wa Nairobi waliupinga, na miongoni mwa waliosimama mbele alikuwapo mjukuu wake, Zarina Patel, ambaye baadaye aliandika kitabu cha maisha ya babu yake, na Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa miti na mazingira. Mpango ukaachwa, na maskini wa Nairobi wangali wakipumzika katika bustani ile. Hivyo sadaka ya mkandarasi ilinusurika na tamaa ya wakandarasi wengine, kwa sababu watu waliijua kuwa ni yao.

MAFUNZO KWA WALIO HAI

Funzo la kwanza ni la watawala. Mwenye kutoa kazi ya umma kwa mtu mwingine hajavua dhamana yake. Akisaini mkataba bado ana wajibu wa kwenda kutazama kama chakula kimefika, kama mshahara umelipwa, na kama mgonjwa ametibiwa. Kampuni ya Mackinnon ilianguka, na Congo ya Leopold ikawa aibu, kwa sababu wenye kutawala walitaka kula tunda la utawala pasipo kuupalilia mti wake.

Funzo la pili ni la wakandarasi, na katika Rubavu wako wengi, wakubwa kwa wadogo. Watu wa Gisenyi waliona soko lao jipya likichukua zaidi ya miaka 10 toka lilipoanza kujengwa, wakajua jinsi kazi iliyosimama inavyowatesa akina mama wanaouza mboga juani. Mwenye kupokea kazi ya umma asipokee asichoweza. Na awe na daftari safi, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Leo zabuni za serikali ya Rwanda hupitishwa katika mtandao wa Umucyo, ambao jina lake katika Kinyarwanda maana yake ni mwangaza. Lakini mwangaza wa mtandao haufiki moyoni mwa mtu, na huko hakuna mkaguzi ila Mwenyezi Mungu.

Funzo la tatu ni la kila mwenye kupata riziki yake katika mkono wa mkubwa. Jeevanjee alikula katika sahani ya serikali, na hata hivyo hakuuza ulimi wake. Alikosea alipowasahau wenye nchi, na alipatia alipokataa kunyamaza. Hayo yote mawili ni mizani ya kumpimia mtu anayefanya kazi na serikali: je, ameweza kusema kweli mbele ya aliyempa kazi? Na je, amemkumbuka yule ambaye jina lake halimo katika mkataba?

Mwenyezi Mungu amsamehe marehemu Alibhai Mulla Jeevanjee makosa yake, amlipe kheri kwa sadaka yake inayoendelea, na awarehemu Waislamu wote waliolala kando ya reli ile bila ya kaburi lenye jina. Na Mwenyezi Mungu awaongoze watu wa Mbugangari, waajiri kwa waajiriwa, katika kutimiza ahadi. Amin.